Kiini Kilichofundishwa Adabu

Mimi ndiye fundi mkuu wa mahandaki katika upande wote wa Mwezi usioonekana duniani. Upande huo una mafundi wawili, na huyo mwingine ndiye aliyenifundisha kazi, tena mpaka leo hupita nyuma yangu kurekebisha.

Huyo mwingine ni Namkunda, binti wa watu, kasoma mpaka kasomeka. Mimi niliishia darasa la saba. Hata hivyo nilipofika hapa walikuta sina mume wa kumpikia wala usingizi wa kulala, wakasema huyu bibi apewe mashine azikodolee macho.

Ukisikia handaki usidhani tunashika sururu. Kituo chetu, Kwavumbi, kiko bondeni. Mbuzi wetu, na hakuna wengine upande huu wote, wana kuba lao peke yao ng'ambo ya kilima, kwa ajili ya harufu. Habari za huko haziwezi kupenya mwamba. Hupanda kwanza kwenye mnara unaoelea angani, ndipo zishuke kwetu. Mnara si wetu, ni wa watu, na watu wana macho. Basi kila habari ya mbuzi tunaifunga ndani ya kifurushi kingine, kama mwanamke anavyoficha samaki wake ndani ya kanga asije akapata wageni. Kule wanafunga, huku tunafungua, na katikati hakuna anayejua kuna nini. Njia hiyo ndiyo handaki. Halina shimo, halina giza, na halijawahi kumwangukia mtu.

Anayelifungua handaki ni kiini. Kiini kimekaa ndani kabisa ya mashine kuu, na ndicho peke yake kinachogusa nyaya. Wengine wote tunaomba. Ni kama lile duka lenye nondo: huingii, hugusi kitu, unasimama dirishani unaagiza. Ukiagiza vibaya, unarudi nyumbani na viberiti badala ya unga.

Sasa dirisha letu la zamani lilikuwa la kuomba kimoja kimoja. Unasema, fungua handaki, kiini kinafungua. Unasema, ncha ya pili iwe kule, kinaandika. Unasema, ufunguo ni huu, kimya. Ukikosea katikati, handaki linabaki nusu, kama nyumba ya mtu aliyefukuzwa kazi kabla ya kuezeka, na hakuna wa kukwambia ulikosea wapi. Namkunda alibuni dirisha jipya. Unaagiza vyote kwa mkupuo mmoja. Kiini kinasoma agizo zima. Kikiridhika kinafanya yote, kisiporidhika hakifanyi hata moja, na kinakupa sababu. Kwa maneno machache.

Hayo maneno machache ndiyo yaliyotuponza.

Maana dirisha lilitakiwa likubaliwe na Baraza la kituo. Likikubaliwa, Namkunda anapewa mkataba mpya, anabaki na mumewe Elieneza anayechimba barafu. Likikataliwa, anapanda chombo kinachorudi duniani, mume anabaki hapa kuoza kwa uji wa pakiti, na dirisha tutaletewa na watu wa mnara, wao ndani, sisi nje, ufunguo mfukoni mwao.

*

Siku ya majaribio alikuja Mwenyekiti wa Baraza mwenyewe, Bwana Mgonja. Mgonja ni mdogo wangu kwa umri, ila cheo kimemrefusha. Alikaa mbele ya kioo, akakunja mikono ya shati kana kwamba anakwenda kuchinja.

"Naagiza handaki la mbuzi," akasema. "Ukubwa wa kifurushi niweke ngapi?"

"Weka mdogo kidogo, Mwenyekiti," alisema Namkunda. "Mlango wa mnara ni mwembamba. Na sisi tunafunga kifurushi ndani ya kifurushi, kwa hiyo kinanenepa njiani."

"Sijaelewa."

"Mgonja," nikasema, "mwanamke akivaa kanga moja anapita mlangoni. Akivaa kanga saba anakwama. Mlango haujapungua, ni yeye aliyeongezeka."

"Nimeelewa. Lakini sisi si maskini. Weka mkubwa."

Akaweka mkubwa. Kiini kikajibu palepale, maandishi yakatokea kiooni: HAPANA. UKUBWA UMEZIDI.

Mgonja alikitazama kioo kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto wa jirani.

"Hapana?" akauliza. "Nani kaniambia hapana?"

"Ni kiini, Mwenyekiti."

"Kimezaliwa lini?"

"Kujibu nimekifundisha juzi."

"Cha juzi! Mimi nimeamka, nimekuja kwa miguu yangu, sijaulizwa hali, sijaulizwa watoto, naambiwa hapana! Hata mgambo hukusalimia kabla hajakukamata."

"Angalau kiseme shikamoo," nikachochea, kwa sababu nilikuwa sina kazi.

"Ehee! Dada Nakiete kasema."

Namkunda alinitupia jicho la kunikaanga. "Bibi, kiini hakijui umri wa mtu. Kitamwamkia mpaka mtoto wa chekechea."

"Basi mtoto ataitikia marahaba. Atafurahi."

"Sikilizeni," alisema Mgonja, akasimama ili maneno yatoke juu. "Baraza halitapitisha kitu kisicho na malezi. Nataka mambo mawili. Moja, kiini kianze kwa kusema salama, kama watu. Mtu akikuuliza habari za nyumbani, unamwambia nzuri, ndipo unamwambia ila mama amelazwa. Huanzi na mama. Pili, mtu mzima hakatazwi. Kikubali alilosema, kisha kimshauri."

"Mwenyekiti, kikikubali kosa halafu ndiyo kishauri..."

"Watu wazima hushaurika, binti yangu."

Namkunda aligeukia kioo. Najua alichokiona pale kwenye kioo cheusi: Elieneza na uji wa pakiti. Akakaa, akaandika. Kila jibu la kiini akaligawa vipande viwili. Cha kwanza kifupi, salamu tupu. Cha pili kirefu, chenye habari yote. Na mashine ya hewa ya kuba la mbuzi nayo akaifundisha hivyohivyo, kwa kuwa adabu haibagui.

Mgonja akaagiza tena, ukubwa uleule wa kitajiri. Kioo kikaandika: SALAMA.

"Umeona?" akasema Mgonja. "Sasa huyo ni mtu."

Akaondoka kwenda kula. Chini ya ile salama maandishi yakaendelea kutokea: ILA UKUBWA HUU HUENDA USIPITE KWENYE MLANGO WA MNARA. NASHAURI UPUNGUZWE. Yalikuwa marefu, yenye heshima, na aliyeshauriwa alikuwa ameshafika kwenye maharage.

Namkunda akataka kuupunguza mwenyewe. Kiini kikamjibu salama, ila agizo ni la Mwenyekiti, nashauri aulizwe. Akaenda kumuuliza. Mgonja akamwambia aache kuwa na wasiwasi kama kuku wa mayai.

*

Tulikaa vizuri kwa siku kadhaa. Kila asubuhi mashine ya hewa ya kuba la mbuzi iliulizwa hali, na kila asubuhi ikajibu salama. Zamu ya kwenda kuwaangalia mbuzi kwa macho ilikuwa ya Mgonja. Lakini mtu akishasikia salama akiwa kitandani, miguu huwa mizito.

Mimi nilikuwa na safari zangu za kule. Ugoro hapa umepigwa marufuku, wanasema ukipiga chafya vichujio vinaziba. Kwenye kuba la mbuzi kila mtu anapiga chafya, hujulikani. Basi Namkunda aliposema anakwenda na gari kupima ncha ya handaki, nikamwambia nami nimewakumbuka mbuzi sana.

Kabla sijaendelea, ujue kwamba mbuzi wa Mwezini hakai chini. Uzito hapa ni mdogo. Mbuzi akijikuna anajikuta juu ya dari. Ukifungua mlango wa kuba lao huwa ni mikwaruzo ya kwato kichwani, mmoja anapaa, mwingine anatua, na yule beberu tunayemwita Shemeji anakuja moja kwa moja mfukoni mwako. Tumemwita Shemeji kwa sababu huja bila kualikwa na hula kilicho chako.

Siku hiyo tulifungua mlango, tukakuta wote wamelala sakafuni. Kimya. Shemeji alinyanyua kichwa, akanitazama, akakilaza tena. Nilimwonyesha kopo la ugoro. Hakulitaka.

"Bibi," alisema Namkunda, na sauti yake ilikuwa nyembamba, "usivue kofia ya hewa."

Feni ya kusukuma hewa safi ilikuwa imekwama. Jani la kiazi lilikuwa limejisokota kwenye mhimili wake, na pumzi chafu ya mbuzi imerundikana ndani ya kuba kama moshi jikoni kwa mvivu. Tuliwabeba mmoja mmoja mpaka kwenye gari. Mbuzi wa Mwezini ni mwepesi, hilo tumshukuru Mungu, ila ana miguu mingi. Tulipofungulia hewa ya gari walianza kukohoa, halafu kutukana, na Shemeji akala kamba ya kiatu changu. Nikajua atapona.

Njiani, tukipanda kilima, Namkunda alikuwa ameshaipata sababu.

"Mashine ya hewa ilituambia," akasema. "Kila asubuhi ilituambia. Salama, ila feni imekwama, hewa imefika kiwango hiki, mbuzi wako hatarini, tafadhali njooni. Lakini salama ni kifurushi kidogo, kilipita kwenye mlango wa mnara. Hiyo 'ila' ilikuwa nene. Mnara uliitupa."

"Yote?"

"Yote, Bibi. Kila asubuhi tulipata salamu, habari zikaanguka njiani."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Halafu nikamtazama yule mbuzi jike mdogo aliyekuwa anatetemeka miguuni pangu, kicheko kikakatika.

*

Tuliwaficha kwenye chumba cha kufulia nguo, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na mlango wa gari. Ukuta mmoja tu unakitenga na ukumbi wa Baraza, na Baraza lilikuwa linakaa mchana huohuo kupigia kura dirisha. Nguo za watu zilikuwa zimeanikwa. Mbuzi walizitazama kama sisi tunavyotazama pilau.

"Sasa nisikilize," nikamwambia Namkunda. "Nenda kwenye mashine, kazungushe huko ndani kwa mlango wako wa ufundi, ule usiopita dirishani, ukubwa upungue. Zile 'ila' zitapita. Mbuzi tutawarudisha jioni. Watu watapiga kura, watakusifia adabu, utapata mkataba. Mwakani, watu wakishakuzoea, unakirudisha kiini kwenye ufidhuli wake taratibu."

"Niwadanganye."

"Usiwadanganye. Uwaambie salama."

Alikaa juu ya ndoo. Shemeji akaja kumnusa mfukoni, hakumfukuza.

"Bibi, mimi nikikuuliza habari, ukasema nzuri, mimi nakutazama. Naiona shingo yako imelegea, naona hujafunga kilemba sawasawa. Najua nzuri yako ni ya uongo, na wewe unajua kwamba najua. Kwa hiyo si uongo. Lakini kiini hakina macho. Mashine ina macho gani? Ikisikia salama inaamini ni salama. Leo ni mbuzi. Kesho handaki hilihili linaletewa habari za shimo la barafu."

Shimo la barafu ndiko aliko Elieneza.

"Ukisimama ukawaambia hivyo," nikasema, "unamwambia Mgonja mbele ya watu kwamba adabu yake ilitaka kuua mbuzi. Atakupandisha chomboni kabla hujamaliza sentensi."

"Najua."

"Na mumeo?"

"Atakuwa hai, huko aliko na uji wake."

Mimi ni mwepesi wa jibu, lakini siku hiyo niligeuka nikaanza kumnyang'anya mbuzi soksi ya mtu.

*

Ukumbi ulijaa. Mgonja alikuwa amevaa koti la Baraza, sura imeshiba usingizi. Nilikaa nyuma kabisa, kwenye benchi lililopakana na mlango wa chumba cha kufulia, Namkunda mbele yangu.

"Ndugu wajumbe," alianza, "dirisha hili limetupa heshima. Tumelitumia, handaki la mbuzi ni salama tupu. Kabla hatujapiga kura, fundi ana neno?"

Namkunda akasimama.

"Ninalo, Mwenyekiti. Naomba msilipitishe kama lilivyo. Mpitishe lile la kwanza, linalokataa kosa na kutoa sababu palepale, kwa jibu moja. Hili la salamu karibu limewaua mbuzi. Feni yao imekwama kwa siku kadhaa, na sisi tumekaa tunaambiwa salama."

Ukumbi ulivuma. Mama Tumsifu, muuguzi wetu, alishika kifua. "Mbuzi wa maziwa ya wagonjwa?"

"Haohao, mama."

Mgonja hakutikisika. Mtu akishika cheo muda mrefu hujifunza kutikisika ndani kwa ndani.

"Binti yangu," akasema pole pole, "unasema feni imekwama kwa siku kadhaa. Zamu ya mbuzi ni ya nani?"

"Yako, Mwenyekiti."

"Yangu. Na mimi ni mtu wa kuachia mashine kazi yangu? Nimekwenda kila asubuhi. Hata leo. Nimetoka kule sasa hivi, mavumbi bado yako viatuni. Mbuzi ni wazima, wanaruka. Ndugu wajumbe, kijana huyu amechoka, anaona vitu. Tumwache apumzike duniani."

Namkunda alifungua mdomo. Nikamvuta sketi kwa nyuma, nikamfinya. Mtu akiwa anajichimbia, huna haja ya kumpokonya jembe.

"Mgonja, mdogo wangu," nikaita kutoka nyuma, kwa sauti ya bibi asiyesikia vizuri. "Umesema umetoka kwa mbuzi sasa hivi?"

"Sasa hivi, dada."

"Afadhali, maana nilikuwa na wasiwasi na Shemeji. Hajambo?"

"Hajambo kabisa."

"Ulimkuta amekaa wapi?"

"Pale pale pake. Juu ya hori."

"Akala?"

"Kala majani ya viazi, mkononi mwangu."

"Na yule jike mdogo mwenye doa?"

"Kanilamba kidole." Akakionyesha. Ukumbi wote ukakitazama kidole.

"Jamani, huo ni upendo," alisema Mama Tumsifu, moyo wake umeanza kutulia. Niliona vichwa vinageukia kwa Namkunda, na havikugeuka vizuri. Mzee mmoja wa mbele alinong'ona, lakini kwa sauti, kwamba wasomi wana kawaida ya kutisha watu wapate mkataba.

Namkunda machozi yalimlenga. "Mwenyekiti, nakuheshimu kama baba. Lakini si kweli."

"Si kweli?" Mgonja akapiga meza. Hapa kwetu ukipiga meza unapaa kidogo, naye akapaa, akatua, akaendelea. "Naapa mbele ya Baraza! Nikionyeshwa mbuzi mmoja, mmoja tu, ambaye leo asubuhi hakuwa kwenye kuba lake akipumua vizuri, mimi ndiye nitakayenyoosha mkono wa kwanza kupitisha hilo dirisha la matusi. Na fundi namwandikia mkataba palepale."

"Wajumbe mmesikia?" nikauliza.

"Tumesikia," wakasema.

Mguu wangu wa kushoto una ugonjwa wa kujinyoosha wenyewe. Ulijinyoosha, ukakutana na komeo la mlango wa chumba cha kufulia.

Shemeji alitoka wa kwanza. Hakutembea. Aliruka, akapaa juu ya vichwa vya wajumbe, taratibu kama mgeni rasmi, miguu minne imekunjwa, na mdomoni ana fulana ya ndani, nyeupe, yenye jina la Mgonja limedariziwa kwa uzi mwekundu. Nyuma yake akafuata jike mwenye doa. Nyuma yake wengine, wote, wakikohoa. Shemeji akatua mezani mbele ya Mgonja, akaanza kuitafuna fulana kuanzia upande wa jina.

Wajumbe wote wakamgeukia aliyeapa. Mbuzi mmoja alikuwa bado angani.

Mgonja alimtazama Shemeji. Akatazama viatu vyake, vilivyong'aa bila hata punje ya vumbi. Akatazama wajumbe.

"Hawa," akasema, "ni wengine."